Msiba ukifika kambini

Mwezi uliopita mama mmoja wa ushirika wetu hapa Mbeya alinisubiri nje ya kanisa mpaka watu wote wakaondoka. Mwanawe ni fundi wa kuchomelea, yuko kambi ya bomba la mafuta ghafi upande wa Tabora. Baba mdogo wa kijana huyo, ambaye ndiye aliyemlipia ada ya chuo cha ufundi, alikuwa amefariki usiku ule Tukuyu. Mama alitaka tumfiche. "Baba Mchungaji, akiambiwa atafanyaje na yuko huko? Si tumwache amalize wiki zake, akija ofu ndiyo ajue?"

Nimehudumia kambi za wafanyakazi kwa miaka mingi: za barabara, za nguzo za umeme, za migodi ya dhahabu kule Chunya na Songwe. Ombi hili la kuficha msiba nalipata mara nyingi, na kila mara nalikataa. Sababu haielezeki ukiwa umesimama mlangoni mwa kanisa na mtu analia, kwa hiyo naiandika hapa, hasa kwa ajili ya wachungaji wenzangu ambao vijana wao wametawanyika kwenye bomba hilo la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga.

Watu wengi wakisikia kambi ya porini huwaza joto, mbu na ugali wa mesi. Hayo yapo. Ukitoka Mbeya asubuhi unapita Kawetire umejikunyata kwenye baridi ya misonobari, na ukifika Chunya umeshavua sweta unatafuta kivuli. Kijana wa Rungwe aliyezoea mvua na migomba huteseka siku za mwanzo. Lakini mwili huzoea. Kambi ya mkandarasi mkubwa ina makontena yaliyopangwa safu, uzio, geti, zahanati ndogo, na jenereta isiyozimwa. Kambi ya wachimbaji wadogo ni maturubai, moto wa mama ntilie na kelele za karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Zinatofautiana sana kwa starehe, ila kinachomuumiza mtu ndani yake ni kile kile.

Wazee wa Njombe na Iringa walikuwa na neno lake: manamba. Ndivyo walivyoitwa vijana wa Kibena, Kikinga na Kihehe waliochukuliwa kwa mkataba kwenda mashamba ya mkonge, kila mmoja na namba yake. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwakusanya, SILABU. Kabla ya hapo, miaka ya 1930, Wanyakyusa walikuwa wakipanda kwenda kuchimba dhahabu Lupa, na baadaye wengine wakavuka hadi migodi ya shaba ya Zambia na ya dhahabu Afrika Kusini. Hata bomba la mafuta si jambo geni kwetu: la TAZAMA limepita nyanda hizi kutoka Dar es Salaam kwenda Ndola, Zambia, tangu 1968. Nyumba nyingi za huku zina babu aliyerudi na blanketi na redio, akakuta mama yake ameshazikwa mwaka mzima.

Hapo ndipo penye jeraha. Kwetu Unyakyusa, kama ilivyo kwa Wabena na Wahehe, watu hukumbuka nani alikuwapo siku ya kuzika, na hukumbuka zaidi nani hakuwapo. Kambi inalipa mshahara, inalisha na kutibu, lakini inamwondolea mtu nafasi ya kuhudhuria. Harusi ya dada inapita. Kipaimara cha mtoto kinapita. Msiba unapita, na msiba haurudiwi. Mwanaume aliyekosa kuzika mara mbili au tatu huanza kuogopa kwenda nyumbani. Ofu yake ikifika anaishia gesti ya Makongolosi na pesa zake zinaishia huko huko. Nimewaona wengi wakihukumiwa kuwa walevi na wahuni, na nilipokaa nao vya kutosha nikakuta chini ya pombe kuna kaburi ambalo hawajalitembelea.

Kwa hiyo mtu akiniuliza mchungaji wa kambi anafanya nini, namwambia kazi yangu kubwa ni kuwawezesha watu kuwapo mahali ambapo hawawezi kufika. Mahubiri yapo, ila ni mafupi.

Nianze na jinsi ya kupeleka habari ya kifo, kwa sababu nililipia kujifunza. Mwaka wangu wa kwanza nilimwita kijana akiwa kwenye foleni ya mesi, sahani mkononi, nikamwambia mama yake amefariki. Tuliomba pamoja, akanishukuru, akaenda zake. Sikumwambia fomeni. Sikuuliza hata anaingia shifti ipi. Kijana alikuwa dereva wa lori la kifusi, akaingia shifti ya usiku, na alfajiri alirudi nyuma nalo hadi likapita ukingo wa tuta. Alivunjika mkono. Kosa lile ni langu, na mpaka leo nikimwona mtu amevaa reflekta ameshika sahani nalikumbuka.

Tangu hapo sitoi habari ya kifo kabla mtu hajatoka shifti. Kwanza nauliza anafanya kazi gani: aliye juu ya nguzo, aliye kwenye usukani, anayeshika baruti, anayeshuka duarani, yaani shimo la mgodi. Namwona fomeni, namwomba amtoe kwenye zamu inayofuata bila kumweleza mwenyewe sababu. Kisha namtafuta mtu wa kwao, anayeongea lugha yake, akae naye usiku huo. Maneno yenyewe nayasema wazi: "Baba yako amefariki jana jioni." Ukianza kuzunguka na "mzee hali si nzuri", mtu anabaki na tumaini la uongo, na utalazimika kumuumiza mara ya pili.

Simu imevuruga utaratibu huu. Zamani habari ilipita getini, leo inapita kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na mtu anaweza kuisoma akiwa mita kumi na tano juu. Ndiyo maana nazihimiza familia ziandike mahali namba ya mtu mmoja wa kambini: nesi, mzee wa kanisa, shehe, yeyote mwenye busara. Mpigieni huyo kwanza. Ukoo ukubaliane kunyamaza kwenye kundi kwa saa chache tu. Kuficha kwa saa nane ili mtu ashuke salama ni upendo. Kuficha kwa wiki sita ni kumnyang'anya msiba wake, na atajua tu, na atakapojua atawapoteza na ninyi mliomficha.

Baada ya habari linakuja suala la ruhusa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi walau siku 4 zenye malipo akifiwa na mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mfanyakazi aijue orodha hiyo, na mchungaji pia. Lakini isome tena: baba mdogo hayumo. Mama mkubwa hayumo. Kwa mila yetu hao ni wazazi, na mara nyingi ndio waliolea. Katika kambi moja ya barabara niliambiwa na afisa, bila ubaya wowote, kwamba karatasi haimtambui. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilikuwa nagombana. Sasa naomba jambo dogo zaidi: mwenzake akubali wabadilishane ofu. Wafanyakazi hufanyiana hivyo kwa moyo wote, na mara nyingi ofisi hukubali kwa kuwa hesabu ya watu haipungui.

Na pale ambapo haiwezekani, tunaweka msiba kambini. Hili nalipenda kulieleza kwa sababu wachungaji wengi hawajui kama linawezekana. Jioni shifti ikitoka tunaweka benchi nje ya kontena la mfiwa, chai ya maziwa ikipatikana. Waislamu wanakuja, maana msiba kambini hauna dhehebu. Mfiwa mwenyewe ndiye anayesimulia: marehemu alikuwa nani, alilima wapi, alikuwa mkali au mcheshi, alimfanyia nini. Watu wanauliza maswali kama wanavyouliza nyumbani. Daftari la rambirambi linapita, na majina yanaandikwa, kwa kuwa daftari lile litakwenda kijijini na kusomwa kwa sauti mbele ya ukoo. Mimi nazungumza mwisho na kwa kifupi. Nabii Ezekieli alipofika kwa watu wake waliohamishwa, karibu na mto Kebari, alikaa kati yao siku saba akiwa ameduwaa. Mhubiri anayeingia kambini na mikrofoni siku ya kwanza angesoma kwanza habari hiyo.

Sala zetu za kila siku zinafuata shifti. Saa 11 na robo alfajiri kwa wanaoingia, saa 12 na nusu kwa wanaotoka, dakika kumi na tano basi. Wengine huniuliza Jumapili iko wapi. Kambini Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine, na kusubiri Jumapili ni kuwaacha nusu ya watu. Sisi Wamoravian hatupaswi kushangazwa na sala za zamu: mwaka 1727 watangulizi wetu kule Herrnhut, Ujerumani, wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za siku nzima ili maombi yasikatike, na mnyororo ule ukaendelea kwa zaidi ya miaka 100. Kutoka huko huko tuna neno la siku, yaani mstari wa Biblia wa kila siku, linalochapwa kila mwaka tangu 1731. Hilo ndilo chombo changu bora kuliko vyote. Mume analisoma Chunya saa 11 alfajiri, mke analisoma Isangati akiwasha moto, na jioni wakipigiana simu wana jambo la kuzungumza zaidi ya ada na mbolea. Wakatoliki hutumia masomo yao ya siku, nami nawaitia katekista wao badala ya kuwavuta kwangu. Simbatizi mtu kambini wala sikusanyi sadaka. Watu wamechoka na wako mbali na kwao, na mchungaji anayetumia uchovu huo kuongeza idadi ya waumini anaiba.

Nalo suala la mshahara. Mchungaji wa kambi alipwe na kanisa. Anaweza kula mesi na kupewa lifti, lakini akilipwa na mwajiri wafanyakazi watamwona kuwa sikio la ofisi, na wana haki. Msimamizi mmoja aliwahi kuniomba nimtajie waliokuwa wakipanga mgomo. Nilikataa, na kwa miezi miwili nikawa nazuiwa getini. Nilikuwa nasali nje ya uzio na waliotoka shifti. Hakuna miezi iliyonipa kuaminiwa kama hiyo.

Wenzetu wa visima vya mafuta vya baharini wana historia ndefu kwenye jambo hili. Tarehe 6 Julai 1988 mtambo wa Piper Alpha uliteketea katika Bahari ya Kaskazini, wakafa watu 167, na 30 kati yao hawakupatikana hata miili. Huko Aberdeen, mji wa Scotland uliokuwa ukiwapeleka wafanyakazi hao baharini, sehemu ya kanisa la Mtakatifu Nikolasi ilitengwa kwa ajili ya watu wa sekta ya mafuta. Ukiwaza familia zisizo na kaburi unaelewa kwa nini walihitaji mahali pa kusimama.

Kwetu mwili huwa unarudi, na mfanyakazi akifia kazini mimi hupanda gari moja na jeneza. Mwajiri hutuma barua ya pole, lakini mama wa marehemu anataka kumwona mtu aliyekula na mwanawe. Anataka kujua alikufaje, alikuwa akisali, alikuwa na deni kwa nani. Namjibu kila swali. Kabla sijaondoka namwita mjane pembeni na kumweleza kuhusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwamba ana haki ya kudai, na kwamba atahitaji cheti cha ndoa. Wengi walioa kimila na hawana cheti. Ndiyo maana siku hizi nikimkuta kijana kambini ameishi na mkewe miaka mitano bila karatasi, simwachi mpaka akubali kufunga ndoa ofu yake inayofuata.

Sasa yule mama. Kambi ya mwanawe sijawahi kufika, ila katika namba za watu wa kambini nilizonazo kulikuwa na ya mzee mmoja wa Kilutheri anayefanya kazi stoo ya huko. Nilimpigia mzee huyo, mama akiwa amekaa pembeni yangu anasikiliza. Mzee alisubiri kijana ashuke zamu, akamwambia, akalala chumba kimoja naye. Mazishi yalikuwa siku ya tatu. Kwa umbali ule asingewahi. Jioni yake walikaa msiba huko Tabora, vijana wa Mbeya, Njombe na wengine ambao hata Tukuyu hawaijui. Kaburini jina lake lilitajwa pamoja na watoto wa marehemu, na nilisoma neno la siku ambalo yeye pia alilisoma alfajiri ile.

Wiki tatu baadaye alishuka basi Uyole na begi lake, hakuja Mbeya mjini. Alipanda gari la Tukuyu moja kwa moja kwenda kuhani. Mama yake alikuwa ameshamtangulia, amekaa na mama mdogo barazani, wakimsubiri.