Kabla bango halijaenda kuchapwa

Ngamiani, Tanga, hakukosi mabango: ya harusi, ya maulidi, ya duka la simu, ya mama lishe. Mengi yana ugonjwa mmoja, picha chenga. Lawama humwangukia mwenye printa, ingawa mara nyingi yeye kachapa kile alicholetewa.

Picha inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa hadi takriban pikseli (vidoti vinavyounda picha) 1,600 upande wake mrefu. Kwenye simu inapendeza, huoni kasoro. Ichape ijaze karatasi ya A4 na utapata pikseli kama 137 kwa inchi, wakati kazi ya kushikwa mkononi inataka 300, yaani A4 nzima iwe pikseli 2,480 kwa 3,508. Ivute ijaze bango la mita 3, kila inchi itabaki na pikseli 13 au 14. Kupandisha namba ya pikseli ndani ya programu hakuponyi kitu, kwa sababu programu inajaziajazia tu kwa kukisia. Bango la kutazamwa kwa mbali halidai 300. Pikseli 100 kwa inchi katika ukubwa wake halisi zinatosha, na la juu kabisa barabarani hata 72. Kwa hiyo mwombe aliyepiga picha faili la asili, na alitume kama hati, si kama picha.

Nembo isiwe picha kabisa. Idai katika mchoro wa mistari, unaokuzwa bila kutoa chenga: SVG, PDF au faili la programu iliyoichora. Wapo wanaochukua JPG, wakaihifadhi kama PDF na kumkabidhi mteja; ndani bado ni picha ileile. Ikuze mara nane kwenye skrini uangalie ukingo wa herufi. Ukibaki laini, ni mchoro; ukitoa ngazi, umeuziwa picha.

Siku hizi wengi wanatengeneza picha kwa akili mnemba. Hakuna ubaya, ila picha ya pikseli 1,024 kwa 1,024 ikichapwa vizuri haifiki hata sentimita 9. Na maandishi usiyaache mikononi mwake, maana huongeza herufi au kuzila. Itoe picha tu, maneno uyaandike mwenyewe.

Kwa pwani yetu kuna kosa linalouma kuliko chenga: Kiarabu kilichovunjika. Dizaina ananakili Bismillahi kutoka mtandaoni, anaibandika kwenye programu ambayo haijawashiwa mwandiko wa kulia kwenda kushoto, na herufi zinaachana. Be, sini na mimu, zinazopaswa kushikana, zinasimama kila moja peke yake, tena zimepangwa kuanzia kushoto. Msomaji anayeanzia kulia anakutana na mimu kabla ya be. Asiyesoma Kiarabu haoni tatizo, na kadi 300 za harusi zinachapwa hivyo. Dawa ni kufungua mipangilio ya maandishi ya programu, kuchagua mpangilio unaokubali lugha za Mashariki ya Kati, kuifunga programu na kuifungua upya, kisha kuelekeza aya ianzie kulia. Programu ya zamani isiyo na chaguo hilo, andika maneno kwenye Word, yahifadhi kuwa PDF, uiingize PDF kama ilivyo bila kuhariri herufi. Halafu mwonyeshe ustadhi kabla ya kuchapa. Ni dakika mbili tu.

Fonti nazo zina visa vyao. Kompyuta ya kiwandani isipokuwa na fonti yako, huweka nyingine, mistari inasogea na jina la bibi harusi linakatika katikati. Kazi ikishakubaliwa, geuza maandishi kuwa mchoro: katika programu ya CorelDRAW ni Ctrl+Q, katika Illustrator ni Ctrl+Shift+O. Fanya hivyo kwenye nakala, maana baada ya hapo huwezi kurekebisha hata herufi moja. Kabla ya kuinunua au kuipakua fonti ya mapambo, andika “ng'ambo” uone kama ina alama ya king'ong'o. Zipo zinazoacha kisanduku kitupu.

Rangi: skrini inang'aa kwa mwanga, karatasi inategemea wino. Kijani cha kuwaka na buluu kali zitafifia tu, hata mashine iwe mpya. Geuza faili liwe la wino nne (siani, majenta, njano, nyeusi) wewe mwenyewe mapema, uone kitakachotoka. Maandishi madogo meusi yawe ya wino mweusi peke yake, 100%. Yakichanganywa wino zote nne, sahani ya kuchapia ikisogea kidogo tu herufi zinapata kivuli cha rangi. Kadi ya biashara ya milimita 85 kwa 55 iandaliwe 91 kwa 61, ili kisu kikiyumba kisiache ukanda mweupe. Namba ya simu ikae angalau milimita 3 ndani ya ukingo.

Bango la nje linapambana na kusi na chumvi. Pindo likunjwe na kushonwa au kuchomwa, pete za kamba ziwe kila nusu mita, na zisiwe za chuma cha kushika kutu. Kimo cha herufi kikadirie hivi: sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Anayesoma akiwa mita 30 anahitaji herufi za sentimita 25, kwa hiyo zile aya za huduma kumi na mbili hazina msomaji.

Tovuti ina hesabu nyingine. Nyumba ya wageni ya Pangani ikipandisha picha 20 za MB 4 kila moja, mgeni anatakiwa ateketeze MB 80 za bando kabla ya kuona bei. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1,600, zihifadhi WebP au JPEG ya ubora wa 75 hadi 80; nyingi zitashuka hadi KB 200 hivi, na jumla iwe MB 4. Bei na menyu ziandikwe kwa maandishi. Zikiwa ndani ya picha, injini za utafutaji hazizioni vizuri na programu inayomsomea asiyeona inanyamaza. Mtindo wa maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe ni wa kuuogopa: kipimo kinachotumika kimataifa kinataka utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na usuli wake uwe angalau 4.5 kwa 1, na anayesoma simu juani Raskazone anahitaji zaidi.

Jina la tovuti liandikishwe kwa barua pepe ya mwenye biashara, wala si ya dizaina. Nywila na tarehe ya kulipia upya zikabidhiwe siku ileile malipo ya mwisho yanapotoka, pamoja na mafaili ya asili ya nembo. Na kama unakusudia kusajili nembo BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, mwambie dizaina tangu mwanzo asitumie michoro ya violezo vya Canva, programu ya kubuni ya mtandaoni. Masharti ya Canva hayaruhusu michoro hiyo, ambayo kila mtu anaitumia, iwe alama ya biashara ya mmoja.