Granti inanunua muda wa daktari

Madaktari wadogo hapa Malindi wanaotaka kuingia kwenye utafiti, swali lao la kwanza kwangu mara nyingi halihusu ugonjwa, linahusu namba. "Dokta, h-indeksi yangu ni mbili, granti, yaani pesa za utafiti, nitapewa na nani?" Ni swali la haki kabisa na nataka kulijibu vizuri maana naona watu wazuri wanakata tamaa mapema.

H-indeksi, namba ya kupima pepa za mtafiti zinavyonukuliwa na wenzake, aliileta mwanafizikia Jorge Hirsch wa California mwaka 2005. Unapanga pepa zako, yaani makala zako za utafiti zilizochapishwa, kuanzia iliyonukuliwa sana kushuka chini. Tuseme unazo tano, zimenukuliwa mara 20, 12, 7, 4 na 1. Hesabu ukishuka, ya nne bado ina nukuu 4, ya tano inayo moja tu haifiki tano, basi unazo pepa 4 zenye nukuu 4 au zaidi, h yako ni 4. Ndo hivyo tu. Namba hiyo haishuki hata ukistaafu, kwa hivyo aliyeanza kitambo anakuwa na faida juu ya aliyeanza juzi, na haijui kama pepa umeiandika wewe au jina lako lilipachikwa katikati ya majina thelathini. Halafu inategemea umebobea wapi, daktari wa masikio, pua na koo hana wenzake wengi wa kumnukuu, wa malaria au ukimwi anao kibao, sasa ukiwapima hawa pamoja unapima ukubwa wa kundi.

Kule Marekani wamelichunguza jambo hili fani baada ya fani, na kinachojitokeza mara nyingi ni kwamba mabingwa wenye pesa za NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, wana h-indeksi kubwa kuliko wasio nazo. Watu wakisoma hapo wanasema basi namba ndo inaleta pesa. Mimi nasema hebu tazama zile granti za NIH za kundi la K, za kumlea daktari anayeanza utafiti. Sharti lake la kawaida ni hospitali imuachie asilimia 75 ya muda wake wa kazi, na wa upasuaji wanaweza kuruhusiwa ishuke hadi 50. Yaani robo tatu ya kazi yake haimo wodini! Akikaa hivyo miaka kadhaa pepa zitatoka, zitanukuliwa, na akienda kuomba granti kubwa ya R01, ile ya NIH ya mradi wa utafiti wa mtu mwenyewe, ana kitu mkononi. Mwenye mashua ndo anapata samaki wa kununulia mashua ya pili.

Sasa huku kwetu asubuhi unapiga raundi wodi ya watoto, ukitoka klinika imejaa, kuna mama ametoka Marafa alfajiri na mtoto anachemka, intani anakupigia kuna degedege kule kesholti (idara ya dharura), na ukifungua laptopu ni usiku na kesho ni zamu yako tena. Hakuna aliyenunua hata saa moja ya muda wako. Kwa hivyo h-indeksi ya daktari wa kaunti inaeleza ratiba yake kuliko uwezo wake, na inaniuma sana mtu akihukumiwa nayo.

Maana maswali mazuri yako hapa hapa wodini. Kilifi hapo, mwendo wa kilomita kama sitini, KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti, wapo tangu 1989, na kutoka hapo Kathryn Maitland aliongoza utafiti wa FEAST, watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuja na homa kali na mzunguko wa damu umelegea. Wengi tulifundishwa mtoto kama huyo mpe dripu ya haraka. Matokeo ya 2011 yakaonyesha waliopewa maji ya haraka walikufa kama asilimia 10.5 ndani ya saa 48, wasiopewa 7.3. (Wa kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo, tafadhali msichanganye.) Swali lile daktari yeyote wa watoto angeweza kuliuliza, kulijibu ndo kulitaka pesa na watu.

Na mizani yenyewe inabadilika. Kwa maombi mengi ya kuanzia mwisho wa Januari 2025 NIH wanatoa alama 1 hadi 9, moja ndo bora, kwa umuhimu wa swali na kwa mbinu. Ujuzi wa mtafiti na taasisi yake hawaupi alama ya peke yake, wanaangalia tu unatosha kwa kazi hiyo au kuna pengo.

Kwa hivyo wewe mwenye h ya mbili, anza na rejista safi ya wagonjwa wako, pata kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti Kenya, fungua ORCID, namba ya utambulisho ya mtafiti, ili pepa zako zisichanganywe na za mwenye jina kama lako. Ukialikwa kwenye mradi wa wageni uliza mapema jina lako litakaa wapi kwenye pepa. Halafu bajeti isome mwenyewe. Taasisi ya nje ya Marekani NIH huipa asilimia 8 tu kwa gharama za uendeshaji, usitegemee muda wako utalipwa kutoka hapo, uandike kwenye mstari wa mishahara, asilimia kadhaa ya kazi yako, na msimamizi wa hospitali atie sahihi barua inayosema siku hizo nani atashika wodi.