"Haleluya" ya Handel si wimbo wa Krismasi

Mwaka huu tena mwanakwaya ameniuliza mbona tunaanza mazoezi ya "Haleluya" wakati wa Kwaresima, ilhali ni wimbo wa Krismasi. Swali hili nimelijibu kwa mdomo hadi nimechoka. Sasa naliandika.

"Messiah" ya mtunzi Handel, ambamo "Haleluya" imo, ni oratorio, yaani utunzi mrefu wa kidini wa waimbaji na ala usioigizwa, yenye sehemu 3. Charles Jennens alikusanya maneno kutoka Biblia, Handel akaitunga kati ya 22 Agosti na 14 Septemba 1741. Sehemu ya kwanza ni unabii na kuzaliwa, ya pili ni mateso, ufufuo na Injili kuenea, ya tatu ni ufufuo wa wafu. "Haleluya" ndiyo inayofunga sehemu ya pili. Wachungaji wa Bethlehemu wameshaondoka zamani. "Messiah" iliimbwa mara ya kwanza Dublin, Ireland, 13 Aprili 1742, siku chache kabla ya Pasaka, na mapato yakaenda kwa wafungwa wa madeni na hospitali mbili. London mwaka uliofuata kulikuwa na manung'uniko: maneno matakatifu yanafanya nini kwenye ukumbi wa maigizo? Hata huko iliimbwa Kwaresima.

Na ile habari kwamba Mfalme George wa Pili wa Uingereza alisimama kwa kuguswa "Haleluya" ilipoimbwa London, ndiyo maana nasi tunasimama? Inatoka kwenye barua ya mshairi James Beattie ya mwaka 1780, karibu miaka 40 baadaye, naye alikuwa amesimuliwa tu. Hakuna aliyekuwepo aliyeandika kwamba alimwona mfalme pale. Kusimama simkatazi mtu, ila msimtaje mfalme kama ushahidi.

Sasa linaloniudhi hasa. Anayeamini huu ni wimbo wa sherehe huuimba kwa kelele tangu neno la kwanza. Tazameni kinachotangulia: mwimbaji wa tenor (sauti ya juu ya kiume) peke yake, ufunguo wa A maina wenye huzuni, anaimba Zaburi 2, "Utawaponda kwa fimbo ya chuma." Wimbo mkavu, wa hukumu. Ndipo ufunguo wa D meja, wenye kung'aa, unapofunguka na kwaya nzima inaingia. "Haleluya" ni jibu kwa ghasia za mataifa zinazotajwa katika zaburi hiyo, na maneno yake yametoka Ufunuo 19 na 11, kwenye ushindi wa mwisho. Ukilikata hilo jibu kutoka kwenye swali lake, unabaki na shangwe isiyo na sababu.

Tena Handel amejenga ngazi. Kwenye "Mfalme wa wafalme" sauti ya kwanza (soprano) inashika nota ndefu, inapanda hatua kwa hatua, huku wengine wakijibu "Haleluya" chini yake. Kwaya iliyomaliza pumzi kwenye ukurasa wa kwanza inapanda wapi? Soprano wanakaza koo, nota inashuka, mpiga kinanda anaongeza sauti kuwaficha. Besi (sauti ya chini ya kiume) nao hugeuza kila "Haleluya" kuwa nyundo. Handel mwenyewe aliiongoza London na waimbaji wasiofika 30. Ile desturi ya umati ilishika nguvu baada ya kifo chake, kwenye kumbukumbu yake ya 1784 katika kanisa la Westminster Abbey, London, walipokusanyika wapigaji na waimbaji zaidi ya 500.

Je, kuiimba Krismasi ni kosa? Hapa nayumba. Handel alibadilisha nyimbo za "Messiah" karibu kila msimu kufuata waimbaji aliokuwa nao, hakuifanya sanamu isiyoguswa. Na nimeona waumini wakilia usiku wa mkesha kwa "Haleluya" iliyoimbwa vibaya kabisa. Siwezi kuwaambia machozi yao yamekosea tarehe. Siku nyingine nadhani nashikilia mpangilio kuliko alivyoushikilia mtunzi.

Lakini kwaya yangu Pasaka hii itaanza na Zaburi 2. Mwimbaji wetu wa tenor ameshapewa nota zake, na besi watakaa kimya mpaka amalize.