GPS haili bando

Hapa Lamu wavuvi wengi bado huamini kwamba simu isiyo na bando haiwezi kujua iko wapi baharini. Sivyo. GPS hupokea tu mawimbi ya redio kutoka kwa setilaiti zilizo juu takriban kilomita 20,000. Simu ikizipata 4, hukokotoa mahali ilipo, bila mtandao wala salio. Bila intaneti huenda ikachukua dakika kadhaa kuzipata, kwa hiyo ipe subira. Kinachokula bando ni ramani yenyewe: ipakue ukiwa bado Shela au Mokowe, kabla ya kuelekea Kiwayuu. Ila kupiga simu kuomba msaada bado kunataka mtandao, na hilo ndilo linalonitia hofu kusi inapovuma.