Je, wajua kwa nini Paulo aliwazuia mabaharia kutoroka ilhali Mungu alikwisha kuahidi kwamba wote wangeokoka?

Katika sura ya 27 ya Matendo ya Mitume zimo kauli mbili za Paulo ambazo, zikiwekwa pamoja, humfanya msomaji makini asite kidogo. Katika mstari wa 22 anawaambia wasafiri wenzake, waliokwisha kukata tamaa katikati ya dhoruba, kwamba hapana hata mmoja wao atakayepotea ila merikebu tu, kwa maana malaika wa Mungu amesimama karibu naye usiku, akamwambia kwamba hana budi kusimama mbele ya Kaisari na kwamba Mungu amempa watu wote wanaosafiri pamoja naye. Mistari tisa baadaye, Paulo huyohuyo anamwonya akida, yaani ofisa wa jeshi la Kirumi, na askari wake kwamba mabaharia wasipokaa ndani ya merikebu, ninyi hamtaweza kuokoka. Ikiwa Mungu amekwisha kutoa ahadi isiyo na sharti, mabaharia wachache wakitoroka usiku wangeweza kuharibu nini?

Kabla ya kujibu, ni vyema kukumbuka jinsi walivyofikia hali ile. Paulo alikuwa mfungwa aliyekata rufani kwa Kaisari, akipelekwa Roma chini ya ulinzi wa akida aitwaye Yulio. Huko Mira waliingia katika merikebu ya Aleksandria iliyosheheni ngano, kwa kuwa Misri ndiyo iliyokuwa ikiulisha mji wa Roma kwa sehemu kubwa. Walipofika Bandari Nzuri, katika kisiwa cha Krete, Siku ya Upatanisho ya Wayahudi ilikuwa imekwisha kupita, yaani majira yalikuwa mwishoni mwa Septemba au ndani ya Oktoba, wakati ambapo wasafiri wa Bahari ya Mediterania walianza kuogopa kuendelea na safari. Paulo alishauri wasiondoke, lakini akida akawasikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu, ambao walitaka kupita majira ya baridi katika bandari ya Foinike, palepale Krete. Upepo wa kusi ulipoanza kuvuma taratibu wakadhani wamepata walichokitaka. Hapa tayari pana funzo kwa waumini walio wepesi kusema kwamba Mungu amefungua mlango kila mambo yanapokuwa laini: muda si mrefu ukashuka upepo wa tufani uitwao Eurakilo, na kuanzia hapo hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuiongoza ile merikebu.

Usiku unaotuhusu ni ule wa kumi na nne. Jua na nyota havikuwa vimeonekana kwa siku nyingi, na kwa mabaharia wasiokuwa na dira hiyo ilikuwa na maana kwamba hawakujua kabisa walipo. Kama usiku wa manane hivi wakahisi kwamba wanakaribia nchi kavu. Wakatupa bildi, yaani kamba yenye uzito ya kupimia kina cha maji, wakapata pima ishirini, yaani karibu mita 36. Wakasogea kidogo, wakapima tena, wakapata pima kumi na tano, kama mita 27. Kina kilikuwa kinapungua upesi, na miamba ilikuwa mahali fulani mbele yao gizani. Wakatupa nanga nne upande wa tezi, yaani nyuma ya merikebu, kisha, asema Luka, mwandishi wa kitabu hiki, wakaomba kuche. Ndipo baadhi ya mabaharia walipoanza kuishusha mashua majini, wakijifanya kwamba wanakwenda kutupa nanga nyingine upande wa omo, yaani mbele, kumbe walikuwa wanawakimbia wenzao. Paulo aliutambua ujanja huo, akamwambia akida, na askari wakazikata kamba za mashua wakaiacha ianguke.

Jibu la swali letu limo ndani ya ahadi yenyewe. Malaika hakumwambia Paulo kwamba watu fulani watavushwa hewani hadi ufukoni. Alimwambia kwamba wote waliomo safarini naye amepewa, na katika hao walikuwamo mabaharia pamoja na ujuzi wao. Luka haelezi waziwazi kwa nini walihitajika, lakini asubuhi inaeleza yenyewe. Kulipokucha ilibidi nanga ziachiliwe baharini, kamba za usukani zilegezwe wakati huohuo, tanga dogo la mbele lipandishwe lishike upepo, na merikebu ielekezwe kwenye ghuba yenye ufuo. Kazi hiyo haifanywi na askari wala wafungwa wasioijua bahari. Mungu aliyeukusudia mwisho wa safari aliikusudia pia njia ya kuufikia, na mikono ya mabaharia ilikuwa sehemu ya njia hiyo. Kwa hiyo onyo la Paulo halikutokana na shaka. Aliamini ahadi kwa dhati kiasi cha kutokubali kitu chochote kilichohitajika kwa utimizo wake kitupwe.

Wapo watakaosema kwamba basi habari hii inathibitisha ule msemo wa “jisaidie, Mungu naye akusaidie”, ambao wengi huunukuu kana kwamba ni andiko, ingawa haumo katika Biblia. Nadhani habari yenyewe inaukataa. Watu waliojisaidia usiku ule ni wale mabaharia walioshusha mashua, na kujisaidia kwao ndiko kulikotaka kuwaangamiza wengine. Tofauti kati yao na Paulo haikuwa kwamba wao walitenda naye akakaa akingoja. Wote walitenda, ila mmoja alitenda kwa kuwa aliamini alichoambiwa, na wengine walitenda kwa kuwa hawakuamini chochote zaidi ya miguu yao wenyewe.

Ushahidi mwingine uko mbele kidogo, nao hupitwa na wasomaji wengi. Alfajiri ilipokaribia, Paulo aliwasihi watu wale, ambao kwa hesabu ya Luka walikuwa 276, wale chakula baada ya siku kumi na nne za mashaka na njaa. Katika mstari wa 34 anawaambia kwamba kula ni kwa ajili ya wokovu wao, na papo hapo anaongeza kwamba hautapotea unywele wa kichwa cha mmoja wao. Mkate na ahadi vimo katika sentensi moja, bila ya yeye kuona haja ya kuvipatanisha. Kisha akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaumega, akaanza kula, nao wakachangamka wakala. Sioni mahubiri yoyote katika sura hii yenye nguvu kuliko tendo hilo la mfungwa kushukuru kwa sauti mbele ya watu ambao wengi wao hawakumjua Mungu wake, kisha akatafuna kwa sababu muda si mrefu watu hao wangehitaji nguvu za kuogelea.

Na kweli waliogelea. Merikebu ilikwama omo yake mchangani, tezi ikaanza kufumuka kwa nguvu za mawimbi, na askari wakataka kuwaua wafungwa ili wasitoroke, kwa kuwa askari wa Kirumi aliyepoteza mfungwa aliweza kulipa kwa uhai wake. Akida akawazuia kwa sababu alitaka kumwokoa Paulo. Wanaojua kuogelea wakajitosa kwanza, na waliosalia wakafuata juu ya mbao na vipande vya merikebu. Pengine ile mashua iliyokatwa usiku ingewafaa saa hiyo. Paulo alikuwa ametaka mabaharia wabaki, hakuwa ametaja kukata kamba. Hata hivyo wote walifika salama, na baadaye wakajua kwamba kisiwa kile kinaitwa Melita, ambacho leo ni Malta.

Hapa inafaa tahadhari kuhusu namna ya kuchota mafunzo. Mtu anaweza kuzigeuza nanga nne kuwa imani, tumaini, upendo na maombi, na mahubiri yakapendeza, lakini Luka anazungumzia nanga halisi za merikebu. Vilevile mtu hawezi kuichukua ahadi ya malaika na kudai kwamba chombo chochote alichopanda Mkristo hakitadhurika. Paulo mwenyewe, katika barua yake ya pili kwa Wakorintho iliyoandikwa kabla ya safari hii, anasema alikwisha kuvunjikiwa na jahazi mara tatu, na kukaa kilindini usiku na mchana. Ahadi ya usiku ule ilikuwa ya safari ile, na ilifungamana na kazi aliyokuwa nayo mbele ya Kaisari.

Linalomhusu kila muumini ni namna Paulo alivyoishika ahadi aliyopewa. Mgonjwa aliyeombewa na akaamini kwamba Mungu atamponya hana sababu ya kuitupa dawa yake ili kuonyesha imani, na mchungaji anayemshauri aiache anafanya kile ambacho Paulo alikizuia, yaani kuwatoa mabaharia chomboni. Aliye na deni na anayemwomba Mungu amfungulie njia anaweza kuanza leo kwa kuandika anadaiwa nini na nani, kama vile wale walivyotupa bildi kabla ya kuomba kuche. Naye anayeongoza familia au kanisa katika wakati mgumu atazame kwamba Paulo, aliyepuuzwa kule Krete na aliyewakumbusha hilo wazi katika mstari wa 21, hakuutumia ukweli huo kuwaadhibu. Alilisema mara moja, kisha akawaambia wajipe moyo.