Kwa nini mfarishi wa kitanda cha mwanasesere hukaa kama ubao?

Kitanda cha tano kwa sita kila mtu anakijua. Kipunguze mara 12 na kila futi inageuka inchi: unapata kitanda cha inchi tano kwa sita, karibu sentimita 13 kwa 15. Kipimo hicho cha 1 kwa 12 ndicho kilichozoeleka zaidi kwa watengenezaji wa nyumba za wanasesere, na ndicho kilichotumika katika nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyobuniwa na msanifu Edwin Lutyens, ikajengwa kati ya 1921 na 1924, na hadi leo inaonyeshwa katika kasri la Windsor.

Kwetu Mbeya, chumba kidogo cha namna hiyo hakikamiliki bila kitu cha maana cha kujifunika. Mwezi wa saba hapa hakuna anayelala na shuka tupu, na Njombe na Makete ndiyo usiseme. Malighafi si tatizo, maana fundi cherehani yeyote wa Mwanjelwa ana mabaki ya vitenge chini ya meza, vipande ambavyo havitoshi tena hata kola. Unavikata vidogo, unaviunga, unatia kitu laini katikati, unaweka kitambaa kingine chini, kisha unashona tabaka zote tatu pamoja. Huo ndio mfarishi wa viraka. Unautandika juu ya kitanda kidogo, na pindo zake zinakataa kushuka. Zinabaki zimetokeza pembeni, hewani, hata ukizibonyeza kwa kidole.

Jibu ambalo karibu kila mtu hulitoa ni kwamba kitambaa ni kinene mno kwa kipimo hicho. Kitanda kimepunguzwa mara 12, kitenge hakikupunguzwa; tafuta kitambaa chembamba mara 12 na mambo yatakaa sawa. Jibu hili lina ukweli ndani yake, ndiyo maana linadumu. Lakini halitoshi, na anayelifuata anaweza kumaliza duka zima la vitambaa bila kupata anachokitafuta.

Chukua ukanda wa kitenge, upana wa vidole viwili, urefu wa rula. Ulaze juu ya meza kisha usukume polepole uvuke ukingo. Sentimita ya kwanza inatoka imenyooka kabisa. Ya pili nayo inakaribia kunyooka. Ikifika ya nne au ya tano, ncha inaanza kuinama. Endelea kusukuma na mwishowe ukanda unaning'inia wima. Kitambaa ni kilekile, unene uleule, ufumaji uleule. Kilichoongezeka ni urefu ulio hewani, na urefu huo unafanya kazi mbili kwa pamoja: unaongeza uzito unaovuta kwenda chini, na unausogeza uzito huo mbali na ukingo, ambako unavuta kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo kitambaa hakina ulaini wake peke yake. Ulaini tunaouona ni matokeo ya mvutano kati ya ugumu wa nyuzi na uzito wa sehemu inayoning'inia, na katika kipande kifupi ugumu ndio unaoshinda.

Mwaka 1930 mtafiti wa nguo wa Uingereza, F. T. Peirce, alilifanya jambo hili kuwa kipimo, na mbinu yake bado inatumika kwenye maabara za nguo. Ukanda husukumwa hadi ncha yake iteremke kufikia mstari wa digrii 41.5 kutoka ukingoni. Nusu ya urefu uliotokeza ndiyo huitwa urefu wa kupinda wa kitambaa hicho. Tuchukue kitambaa kilichohitaji sentimita 4 kufika hapo, yaani urefu wake wa kupinda ni sentimita 2. Kwenye kitanda halisi, pindo la sentimita 30 la kitambaa hicho litashuka wima bila kubembelezwa. Kwenye kitanda cha mwanasesere pindo hilohilo ni sentimita 2.5, na kwa hesabu ya Peirce litashuka kwa digrii 14 hivi tu. Macho yanaona ubao.

Sasa turudi kwa yule anayetafuta kitambaa chembamba mara 12. Ili pindo dogo lilale kama lile kubwa, urefu wa kupinda nao lazima upungue mara 12. Lakini urefu huo unatokana na mzizi wa tatu wa ugumu ukigawanywa kwa uzito, kwa hiyo ugumu kwa kila gramu unapaswa kupungua mara 12 mara 12 mara 12, yaani 1,728. Ukipunguza unene, ugumu unashuka haraka, lakini uzito nao unashuka, na uzito ndio uliokuwa ukikusaidia kuvuta pindo chini. Ukipata kitambaa chembamba mara 12 kamili, urefu wa kupinda utapungua mara tano na kidogo tu, na mfarishi wako utabaki mgumu zaidi ya mara mbili ya unavyotakiwa. Unene ungelazimika kupungua karibu mara 42. Kitenge cha robo milimita kingekuwa na unene wa sehemu sita kwa elfu za milimita moja, yaani milimita 0.006. Unyuzi mmoja wa pamba, kabla hata haujasokotwa kuwa uzi, ni mnene kuliko hapo. Kitambaa hicho cha pamba hakiwezi kufumwa.

Hesabu hiyo ni ya bamba moja lisilo na nafasi ndani, na kitambaa si bamba. Nyuzi zake huteleza kidogo zinapopindwa, ndiyo maana hariri nyepesi au melimeli hulala vizuri kuliko namba zinavyodai. Ipokee 42 kama mwelekeo. Lakini kuteleza huko ndiko kunakofungua mlango, kwa sababu mfarishi una tabaka, na tabaka ndizo unazoweza kuzitawala.

Shika daftari la shule la kurasa 96 na ulikunje. Linakunjika kirahisi, kwa kuwa kila ukurasa unateleza juu ya mwenzake. Tazama ukingo wa kurasa wakati umelikunja, utaona umekwenda mshazari, kila karatasi imesogea kidogo. Sasa fikiria kurasa hizohizo zimepakwa gundi zote. Karatasi ni zilezile na uzito ni karibu uleule, lakini ukilikunja, kurasa za nje zinalazimika kuvutika na za ndani kubanwa, kwa sababu hakuna inayoruhusiwa kusogea. Limekuwa ubao. Tabaka tatu zinazoteleza zina ugumu mara tatu wa tabaka moja, na kwa kuwa uzito nao umekuwa mara tatu, zinalala karibu sawa na tabaka moja. Tabaka tatu zilizogandishwa zina ugumu mara 27. Urefu wa kupinda unakuwa zaidi ya maradufu, bila kuongeza hata kitambaa kimoja.

Kila mshono unaopita tabaka zote ni tone la gundi kwenye daftari hilo. Mfarishi mkubwa unaweza kubeba mistari ya mishono kila baada ya sentimita tano, kwa sababu kati ya mstari na mstari kitambaa kina uwanja wa kuteleza. Ukiipunguza mistari hiyo kwa uaminifu hadi milimita nne, umefunga kila kitu. Uzi nao haukupungua: wa kawaida una unene wa karibu milimita 0.2, ambao kwenye kitanda halisi ungekuwa milimita 2.4.

Hapo ugeuze mfarishi utazame upande wa ndani, maana mengi yanaonekana huko. Kiraka cha sentimita 10 kimekuwa cha milimita 8. Wanaoshona viraka huacha robo inchi ya kitambaa nje ya mshono, yaani milimita 6. Milimita 6 kutoka kushoto na 6 kutoka kulia, ndani ya kiraka cha milimita 8, zinapandana. Ulidhani umeshona tabaka moja ya viraka. Kwa nyuma ziko mbili, tatu, na kwenye makutano ya pembe hata zaidi. Kwa hiyo shona kwanza ukiwa na nafasi ya kutosha, halafu punguza kwa mkasi mkali hadi milimita 3. Kushona juu ya karatasi yenye mistari, kisha kuichana karatasi, husaidia kunyoosha mishono bila kuacha uzito nyuma.

Pamba ya katikati iache kabisa. Mfarishi mnene wa sentimita moja, ukipunguzwa mara 12, ni karibu milimita 0.8 tu, na kitambaa cha juu, cha chini na hizo pindo za mishono tayari vinaujaza unene huo. Upande wa chini tumia khanga iliyofuliwa miaka mingi, na kama inatosha ikate mshazari, kwani ufumaji ukikaa mshazari hupinda na kujinyonga kwa urahisi zaidi, hasa kwenye pembe za kitanda. Kitenge kipya kifue kwanza kiondoke ule ugumu wa dukani. Badala ya mistari ya mishono, funga tabaka kwa vifundo vichache vilivyoachana.

Bado hautalala wenyewe. Sentimita 2.5 ni sentimita 2.5, na mafundi wazuri wa vitu vidogo hawaisubiri dunia iuvute; wanaulaza wao. Pamba, ambayo karibu yote ni selulosi, yaani dutu inayojenga kuta za seli za mimea, hushikilia umbo lake kwa vifungo dhaifu kati ya molekuli zake, na maji huviachia. Vikikauka hujifunga upya pale vilipokutwa. Pasi ya mvuke hutegemea jambo hilohilo. Funika kitanda kwa nailoni, kiweke juu ya kipande cha sponji ya godoro, lowesha mfarishi, utandike, kisha vuta pindo chini na kuzishikiza kwa pini zilizoinama hadi kwenye sponji. Mikunjo ipange kwa ncha ya sindano: michache, mipana, isiyolingana. Jaribu rangi kwanza kwenye kipande kingine, maana baadhi ya vitenge vyekundu na vya buluu huchuja. Kiangazi chetu cha nyanda za juu hukausha haraka, lakini usiondoe pini kwa kuwa juu pamekauka. Shika pindo la chini, likiwa bado baridi halijakauka.

Kwa chumba cha kuonyeshwa tu, nyunyiza maji mepesi ya wanga wa kunyooshea nguo baada ya kupanga mikunjo, si kabla. Wanga huo hugandisha tabaka, na safari hii ndicho unachokitaka, kwa sababu zinaganda zikiwa zimeshuka. Kwa mtoto atakayemfunika na kumfunua mwanasesere mara ishirini kwa siku, usitie wanga. Maji matupu na pini vinatosha, na mikunjo ikipotea unalowesha tena.