Apu ya swala haina haja ya kujua unalala wapi

Mimi kazi yangu ni kutengeneza apu za simu, na kitu kinachoniuma ni hii dhana kwamba ukishaweka picha ya msikiti na sauti ya adhana basi apu imeshakuwa ya Kiislamu. Mi naanza na swali jingine kabisa, lokesheni ya mtu inaenda wapi?

Maana kitaalamu haina haja ya kwenda popote! Nyakati za swala ni hesabu ya jua tu, unachukua latitudo, longitudo na tarehe afu unatafuta jua liko wapi angani, kwa alfajiri na isha linakuwa nyuzi kadhaa chini ya upeo wa macho, Muslim World League (jumuiya ya Kiislamu ya kimataifa) wanatumia 18 kwa alfajiri na 17 kwa isha, wengine wana zao, na simu yoyote inapiga hesabu hiyo yenyewe bila intaneti. Kibla vilevile.

Na hata GPS kamili ya nini jamani. Dunia inazunguka nyuzi 1 kila dakika 4, kwahiyo ukikata namba za latitudo na longitudo zibaki desimali 2 unapoteza kama kilomita moja hivi, saa ya swala inasogea sekunde mbili tatu tu, lakini nyumba ya mtu haijulikani tena.

Mwaka 2020 waandishi Marekani walifichua apu moja ya swala yenye mamilioni ya watu ilikuwa inapeleka lokesheni zao kwa kampuni inayouza data, na kati ya wateja wa kampuni hiyo walikuwemo makandarasi wa jeshi. Mara nyingi mlango wa data kutokea ni kodi za programu (code) zilizoandikwa na watu wengine, ambazo developa anazipachika kwenye apu yake ili apate hela, hata hazisomi. Kwangu mimi hiyo ni khiyana ya amana, hata kama hukukusudia.

Suratun Nur aya ya 27 na 28 ndo naifanyia kazi: omba ruhusa kabla hujaingia nyumba ya mtu, na ukiambiwa rudi, rudi. Yaani mtu akibonyeza kataa, apu isimsumbue kila siku wala isigome, impe orodha ya miji iliyomo humohumo kwenye simu achague mwenyewe.

Ijaribu ya kwako leo, iondolee ruhusa ya lokesheni, chagua mji, zima data na waifai, afu angalia saa za kesho. Ikigoma, muulize aliyeitengeneza kwa nini.